UZI: "Nilikuwa nimelewa, sikumbuki": kifungu cha 14 kinasema nini mtu anaposhtakiwa kwa mauaji?

MsaidiziKibosho (mwanzisha uzi)

Wana jukwaa, nawasalimu kutoka Moshi. Katika kazi yangu ya usaidizi wa kisheria nimekutana mara nyingi mno na watu wawili wanaokosea jambo moja kwa namna mbili tofauti. Wa kwanza ni kijana aliyeko mahabusu, anayeamini kwamba akishasema "nilikuwa nimelewa, sikumbuki", jaji atamwachia arudi nyumbani. Wa pili ni mzazi wake, anayeamini kwamba pombe ni aibu inayoongeza kosa juu ya kosa, na kwa hiyo kila anayemuuliza humjibu kwamba mwanawe haonji kitu. Wote wawili hawajui kwamba Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, ina kifungu kizima kinachohusu ulevi, na kwamba maisha ya mshtakiwa yanaweza kutegemea kijifungu kimoja ambacho wasomaji wengi hukiruka.

Mzazi huyo wa pili ninamfahamu vizuri, kwa sababu ni mjomba wangu. Miaka kadhaa iliyopita mwanawe alitoka kilabuni jioni ya Jumamosi pamoja na jirani aliyekua naye tangu utoto. Wakagombana njiani kuhusu deni la shilingi 3,000 la mbege, pombe yetu ya ndizi, na katika giza la migomba akaokota kipande cha ubao ukingoni mwa kihamba (shamba la nyumbani), akampiga nacho mwenzake kichwani. Jirani alifariki kabla ya alfajiri. Askari walipofika asubuhi na kumuuliza mjomba kama kijana wake ni mnywaji, yeye, mzee wa kanisa anayeheshimiwa na kijiji kizima, alijibu kwamba mwanawe hanywi pombe, na maelezo hayo yakaandikwa, akayasaini. Alidhani anailinda familia. Kwa kweli alikuwa amefuta kwa mkono wake ushahidi muhimu kuliko wote tuliokuwa nao.

Sasa tusome sheria yenyewe. Kifungu cha 14 kinaanza kwa kukataa: ulevi hautakuwa utetezi dhidi ya shtaka lolote la jinai, isipokuwa kwa namna ambayo kifungu chenyewe kimeruhusu. Kisha kinaeleza kwamba utakuwa utetezi kamili pale ambapo mshtakiwa, kwa sababu ya kulewa, hakujua anafanya nini au hakujua kwamba analolifanya ni kosa, na juu ya hayo liwepo moja kati ya mambo mawili: ama alileweshwa bila ridhaa yake kwa hila au uzembe wa mtu mwingine, ama ulevi ulimfikisha kwenye wazimu, uwe wa muda au wa kudumu. Ulevi unaotajwa humo unajumuisha pia hali inayoletwa na dawa za kulevya, kwa hiyo bangi na mirungi vimo.

Ni wazi kwamba mtu aliyekwenda kilabuni kwa miguu yake, akaagiza mwenyewe na kulipa mwenyewe, hapati nafasi katika maneno hayo, na wengi wakifika hapo hufunga kitabu. Lakini kijifungu cha 4 kinasema jambo jingine: kwamba ulevi utazingatiwa katika kuamua iwapo mshtakiwa alikuwa na nia, iwe nia maalumu au nyingineyo, ambayo bila ya kuwapo kwake asingekuwa na hatia. Hapa hatuulizi tena kama mtu asamehewe kwa kuwa alilewa. Tunauliza kama ile nia ambayo Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, inadai alikuwa nayo iliwahi kuwamo kichwani mwake.

Katika mauaji, swali hilo lina uzito usiopimika. Kuua kwa kukusudia, chini ya kifungu cha 196, kunahitaji nia ovu, na kifungu cha 200 kinafafanua kwamba nia hiyo ni pamoja na kukusudia kusababisha kifo au madhara makubwa ya mwili, au kujua kwamba tendo lako huenda likaleta kifo. Nia hiyo ikikosekana, tendo la kinyume cha sheria lililosababisha kifo linabaki kuwa kuua bila kukusudia chini ya kifungu cha 195, ambapo adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha lakini pia inaweza kuwa ya miaka michache, kadiri jaji atakavyopima. Kwa kosa la kukusudia, kifungu cha 197 kinamwamuru jaji atamke adhabu moja tu, nayo ni kunyongwa. Hana ruhusa ya kusema, "Nimeona ulikuwa umelewa, ni kosa lako la kwanza, una watoto wadogo, kwa hiyo nitapunguza." Ni kweli kwamba nchini kwetu hakuna aliyenyongwa tangu katikati ya miaka ya 1990, lakini kuishi chini ya hukumu hiyo si jambo dogo.

Jambo hili liliwahi kujadiliwa hapa hapa kwetu. Tarehe 28 Novemba 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha, iliamua shauri la wafungwa waliokuwa wamehukumiwa kifo na Mahakama Kuu ikiketi Moshi, ikasema kwamba adhabu ya kifo ya lazima inakiuka haki ya uhai kwa kuwa inamnyima jaji nafasi ya kupima mazingira ya kosa na ya mkosaji. Nimelitaja shauri hilo kwa sababu linaonyesha kwa nini kijifungu cha 4 kina mzigo mkubwa. Kama ulevi hauwezi kuzungumzwa wakati wa adhabu, basi ni lazima uzungumzwe mapema, wakati wa kuamua hatia. Ukinyamaziwa hapo, hautapata tena mahali pa kusemewa.

Tena, kuhusu nia, mshtakiwa hana mzigo wa kuthibitisha kwamba alilewa kupita kiasi. Mwaka 1956, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki katika shauri la Cheminingwa ilieleza kwamba anayedai kupata wazimu kwa ulevi ndiye mwenye kuonyesha kuwa jambo hilo lina uwezekano wa kuwa kweli, lakini anayesema tu kwamba kwa kulewa hakuweza kuwa na nia inayotakiwa, hatwishwi mzigo huo, na mahakama ikimtwisha inakuwa imekosea. Mzigo unabaki kwa upande wa mashtaka tangu mwanzo hadi mwisho. Hata hivyo, mahakama haiwezi kukitilia maanani kitu ambacho hakuna shahidi aliyekitaja, na kwa binamu yangu, shahidi pekee aliyekitaja alikuwa baba yake, aliyesema hakipo.

Karibuni mchangie. Nitaeleza tulikoishia.

BintiMeru

Ndugu mwanzisha uzi, nashukuru kwa maelezo yako, lakini nitasema yaliyo moyoni bila kuficha. Ninaishi Arusha, na dada yangu alipigwa na mumewe kwa miaka 6, kila mara mume akiwa amelewa na kila mara asubuhi akisema kwamba ni pombe, si yeye. Nikisoma kijifungu hicho naogopa. Je, mwanamume anayetaka kumuua mkewe si atakwenda kwanza kunywa, kisha afanye alichokipanga, kisha wakili wake asimame na kusema hakuwa na nia? Na kwa nini mtu aliyechagua mwenyewe kulewa apate nafuu ambayo mtu mzima asiyekunywa haipati?

MsaidiziKibosho

Dada, pole sana kwa yaliyompata dada yako. Hofu yako si ya kupuuzwa, na majaji wamekutana nayo. Katika shauri la Gallagher la Ireland ya Kaskazini, lililofika mwaka 1961 kwenye Baraza la Malodi la Uingereza, lililokuwa mahakama yao ya juu kabisa, mwanamume aliyekuwa na kinyongo na mkewe alinunua kisu na chupa ya wiski, akanywa, kisha akamuua. Lodi Denning, mmoja wa majaji, alisema kwamba mtu aliyekwisha kuamua kuua akiwa na akili zake, kisha akanywa ili kujipa ujasiri, hawezi kujificha nyuma ya ulevi huo. Nia ilikuwapo kabla ya chupa kufunguliwa. Maamuzi ya Uingereza si amri kwa mahakama zetu, lakini hoja yenyewe inakubaliana na maneno ya kifungu chetu, kwa sababu kinachotafutwa ni nia, na nia iliyopangwa asubuhi haifutwi na pombe ya jioni. Mume anayempiga mkewe huyo huyo kila anapolewa, wala hampigi muuza duka wala mwenyekiti wa mtaa, ameonyesha kwa mwenendo wake kwamba anajua anampiga nani.

Kuhusu swali lako la pili, la kwa nini mtu apate nafuu, ni kweli kwamba Waingereza wenyewe waliona ugumu huo. Katika shauri la Majewski la mwaka 1976, kuhusu kijana aliyepiga watu na askari baada ya kunywa pombe na kumeza dawa, walitenganisha makosa ya nia maalumu, kama mauaji, na makosa ya nia ya kawaida, kama shambulio, wakasema kwamba kwa hayo ya pili ulevi wa hiari haumsaidii mtu. Kifungu chetu hakikuandikwa hivyo. Kinasema "maalumu au nyingineyo", maneno machache ambayo kwa maoni yangu ni mapana kuliko msimamo wa Majewski, na anayenakili vitabu vya Uingereza bila kuisoma sheria yetu atapotea hapo. Lakini upana huo hauna maana kwamba aliyeua akiwa amelewa anaachiwa huru. Nia ovu ikikosekana anabaki na kosa la kuua bila kukusudia, na anafungwa. Tofauti ni kati ya kufungwa kwa alichokifanya na kunyongwa kwa ambacho hakukikusudia.

MzeeWaRau

Wanangu, nimesoma yote. Mimi niliwahi kuwa mzee wa baraza katika vikao vya Mahakama Kuu, nikaketi pembeni ya majaji katika kesi za namna hii, na nyingi zilianzia kilabuni. Naomba niwaeleze jaji anatazama nini, kwa sababu watu hudhani atamtazama mshtakiwa usoni.

Jaji hutazama silaha na ukubwa wake, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyopigwa, idadi ya mapigo, aina ya majeraha, maneno ya mshtakiwa kabla na baada, na mwenendo wake kabla na baada ya tendo. Mahakama ya Rufani iliyapanga mambo haya katika rufani ya jinai namba 150 ya mwaka 1994, na tangu hapo hurudiwa katika hukumu nyingi. Sasa uchukue ulevi uupitishe katika mambo hayo. Nakumbuka kesi ambayo mshtakiwa alisema alilewa chakari, lakini ushahidi ukaonyesha kwamba alitoka kilabuni, akaenda kwake, akachukua panga lililokuwa limefichwa darini, akarudi kwa njia ya shambani badala ya barabarani, akampiga mwenzake mapanga matatu shingoni, kisha akalitupa panga mtoni na kubadilisha shati. Sisi wazee wa baraza tulimwambia jaji kwamba mtu asiyejua anachofanya hachagui njia ya kutoonekana. Jaji alikubaliana nasi.

Nakumbuka pia nyingine, ya kijana aliyempiga rafiki yake ngumi moja na teke moja, kisha akalala palepale ubavuni pa aliyempiga, akaamshwa na jua akiwa anamwita mwenzake waende kazini. Hakuna aliyehitaji kuambiwa na daktari kwamba kijana yule hakupanga kuua. Nilimwonea uchungu marehemu na nilimwonea uchungu huyo aliyebaki.

Tena kesi nyingi za kilabuni huwa ni ugomvi wa pande mbili, na Mahakama ya Rufani imewahi kueleza kwamba kifo kinapotokea katika kupigana, kosa linalostahili kwa kawaida ni kuua bila kukusudia. Ulevi na ugomvi hutembea pamoja, kwa hiyo msiueleze mmoja mkauacha mwingine.

MuuguziWaUsiku

Shikamoo Mzee wa Rau. Nafanya kazi ya uuguzi mjini Moshi, zamu za usiku, na naomba nizungumzie neno "sikumbuki", kwa kuwa nimelisikia kwa wagonjwa wengi na naona linachanganywa na neno "sikujua".

Pombe inapopanda haraka katika damu, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu mpya hushindwa kazi kabla ya sehemu nyingine. Mtu katika hali hiyo anaweza kutembea, kuzungumza, kudai chenji yake, kupanda bodaboda, hata kugombana kwa hoja, na asubuhi asikumbuke lolote kati ya hayo. Kwa hiyo anaposema hakumbuki anaweza kuwa anasema kweli tupu, na bado wakati wa tendo alikuwa anajua anampiga nani na kwa nini. Kutokumbuka leo hakuthibitishi kutojua jana. Na kinyume chake pia ni kweli: mtu anaweza kukumbuka vipande vipande vya usiku ule, na bado akawa hakuwa na uwezo wa kupima kwamba pigo lake linaweza kuua.

Jambo la pili ni wazimu unaoletwa na pombe. Watu hudhani ni ule ulevi wa kupita kiasi, lakini mara nyingi tunaouona wodini huja baada ya kuacha. Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka akikatizwa ghafla, siku ya pili au ya tatu anaanza kutetemeka, anatoka jasho, anaona wadudu ukutani, anasikia watu wanakuja kumkamata, na anaweza kumpiga aliye karibu akiamini anajiokoa. Hali hii ni ugonjwa unaoua usipotibiwa. Nawaomba sana ndugu wa watu waliokamatwa: kama ndugu yako ni mnywaji wa kila siku na amewekwa rumande, mwambieni mkuu wa kituo siku hiyo hiyo, aonwe na daktari.

Na jambo la tatu linanisikitisha. Majeruhi anapoletwa kwetu anakuja na PF3, fomu ya polisi ya matibabu, na tunaijaza kwa uangalifu. Mtuhumiwa mara nyingi haletwi kabisa, au analetwa baada ya siku 3, wakati pombe imekwisha kutoka mwilini. Hakuna anayekuwa ameandika kwamba alinuka pombe, kwamba maneno yalikuwa yanamgongana, kwamba hakuweza kusimama. Halafu mwaka mmoja au miwili baadaye watu wanabishana mahakamani kuhusu kiwango cha ulevi ambacho kingeandikwa kwa sentensi mbili usiku ule.

Nimalizie kwa kusema kwamba hesabu ya kata (vibuyu vya kunywea) au chupa peke yake haitoshi. Mbege ya leo si kali kama iliyochachuka zaidi, na gongo haina kipimo kabisa, kwa sababu kila mpishi anatoa nguvu yake. Ndiyo maana maelezo ya mtu aliyemwona yana thamani kuliko idadi.

WakiliSekei

Nampongeza muuguzi, kwa kuwa amesema kwa lugha nyepesi jambo ambalo mawakili wengi hulieleza vibaya. Hata Baraza la Malodi katika shauri la Beard la mwaka 1920, ambalo ndilo lililoathiri sana sheria za ulevi katika nchi nyingi zilizotawaliwa na Uingereza, lilitenganisha ulevi wa kawaida na wazimu uliozaliwa na ulevi kama huo alioueleza.

Naongeza jambo la kiutaratibu. Ukiweka utetezi wa wazimu, mahakama hutoa amri mshtakiwa apelekwe kupimwa, kwa kawaida katika taasisi ya wagonjwa wa akili ya Isanga huko Dodoma, na daktari anatakiwa kuandaa taarifa ndani ya siku 42. Mzigo hapo ni wako, kwa kiwango cha uwezekano ulio mkubwa zaidi, si cha kutoacha shaka. Na ukishinda, usitarajie mteja wako kupanda basi la kurudi Arusha jioni hiyo. Mahakama hutamka kwamba alitenda lakini hana hatia kwa sababu ya wazimu, kisha anawekwa chini ya uangalizi, na kutoka huko kuna utaratibu wake mrefu. Nimewaona ndugu waliolilia utetezi huu bila kujua unakowapeleka, wakati ushahidi wao wote ulikuwa wa kijifungu cha 4.

Kitu kingine ni maelezo ya onyo, yaani yale ambayo mtuhumiwa huyatoa polisi baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake. Kama mteja alihojiwa akiwa bado amelewa, hilo lisemwe mapema na kwa uwazi pale upande wa mashtaka unapotaka kuyatoa maelezo hayo kama kielelezo. Nimewahi kusoma maelezo yaliyonyooka kama barua ya karani, yenye saa, majina na mpangilio kamili, ya mtu ambaye mashahidi wa Jamhuri wenyewe walisema alibebwa kupelekwa kituoni. Vitu hivyo viwili haviwezi vyote kuwa kweli.

MwongozaWageni_AR

Nafanya kazi ya kuongoza watalii. Wenzetu kadhaa wamewahi kuwekewa dawa kwenye vinywaji na kuibiwa, na msichana mmoja tunayemfahamu alifanyiwa ukatili mbaya zaidi. Naomba kuuliza mambo mawili. Mtu aliyewekewa dawa bila kujua, akafanya kosa, ni nani anayewajibika? Na mtu aliyefanyiwa ukatili akiwa ameleweshwa, sheria inamtazamaje, kwa sababu tulisikia watu wakisema kwamba "alikunywa mwenyewe"?

MsaidiziKibosho

Kuhusu la kwanza, huyo ndiye mtu ambaye kifungu cha 14 kinamhurumia waziwazi. Akionekana kwamba alileweshwa kwa hila au uzembe wa mwingine, na kwamba kwa sababu hiyo hakujua anachofanya au hakujua kuwa ni kosa, anaachiwa huru kabisa, bila kupelekwa hospitali ya akili. Lakini lazima yote mawili yawepo. Katika shauri la Kingston la mwaka 1994 huko Uingereza, mshtakiwa alidai kwamba aliwekewa dawa kwa siri na kwamba dawa hiyo ndiyo iliyomwondolea uwezo wa kujizuia, na Malodi wakajibu kwamba nia iliyokuwapo inabaki kuwa nia, hata kama aliyeiamsha ni mtu mwingine. Kwa maneno ya kifungu chetu naona tungefika palepale, kwa kuwa kushindwa kujizuia si sawa na kutojua.

Kuhusu la pili, naomba kila anayesoma uzi huu alishike vizuri. Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu, kama kilivyorekebishwa na sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, kinahesabu kuwa ni ubakaji pale mwanamume anapopata "ridhaa" ya mwanamke aliye katika hali ya kuleweshwa kwa dawa au kitu chochote alichopewa na mwanamume huyo au na mtu mwingine, isipokuwa ithibitike kwamba walikuwa wamekubaliana kabla. Na hata pale alipokunywa mwenyewe, kifungu hicho hicho kinatambua kuwa tendo lisilo na ridhaa ni ubakaji, na kukaa mezani na kunywa hakujawa ridhaa ya kitu kingine chochote. Wanaosema "alikunywa mwenyewe" wanamgeuzia aliyeumizwa swali ambalo sheria inamuuliza mshtakiwa. Mpelekeni dada huyo akaonane na wakili au dawati la jinsia la polisi, hata kama muda umepita.

BodaPasua

Na sisi wa bodaboda na magari? Mtu akigonga akiwa amekunywa?

MsaidiziKibosho

Hapo usitafute nafuu katika kifungu hiki, kaka. Katika sheria ya usalama barabarani kuendesha ukiwa umelewa ndilo kosa lenyewe, na shtaka la kusababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari haliulizi kama ulikusudia kuua. Kadiri unavyothibitisha kwamba ulilewa, ndivyo unavyoisaidia Jamhuri.

Niliahidi kueleza tulikoishia. Kesi ya binamu yangu ilifikishwa kwanza kwa hakimu, ambaye hana mamlaka ya kuisikiliza, na kwa kuwa shtaka la mauaji halina dhamana alikaa gereza la Karanga muda wote ule, ilhali kama lingekuwa la kuua bila kukusudia dhamana ingeweza kuombwa. Ilipofika Mahakama Kuu, tulimpeleka shahidi wa utetezi ambaye hakuna aliyemfikiria hapo mwanzo, yaani mama anayeuza mbege. Alieleza kwamba kijana alikuwa pale tangu saa 7 mchana, kwamba alianguka mara mbili akienda uani, kwamba alimnyima kata ya mwisho kwa kumhurumia, na kwamba alipoondoka alikuwa amemshika marehemu bega, wakiimba.

Kisha akasimama mjomba. Wakili wa Serikali, kwa haki kabisa, alimwonyesha maelezo yake ya polisi na kumuuliza ni lini alisema kweli. Alikaa kimya kwa muda, mkono mmoja ukiwa kwenye kizimba, akasema, "Siku ile nilidanganya kwa ajili ya jina langu. Kijana wangu alikuwa mlevi tangu alipokuwa na miaka 19, na nilikuwa najua." Mama wa marehemu alikuwa amekaa benchi la pili, na kilio kilichosikika hakikuwa cha upande wetu. Jaji alizingatia pigo lilikuwa moja, silaha iliokotwa palepale, na hali ya mshtakiwa kama ilivyoelezwa na mashahidi wawili, akamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia. Alifungwa miaka 8. Vihamba vyetu bado vinapakana, na mama yule bado hajasalimiana na mjomba.

MtuWaRombo

Mimi ni mgeni humu na nimesoma kwa machozi. Kaka yangu amekamatwa Jumapili iliyopita kwa jambo linalofanana na hili. Mama anatuambia tusiseme kabisa kwamba alikuwa amekunywa. Tufanye nini sasa?

MsaidiziKibosho

Pole sana, ndugu yangu, na mpe pole mama. Msidanganye, na msiongeze chumvi pia, kwa sababu ulevi uliotiwa chumvi huvunjika mtu anapoulizwa maswali na wakili wa upande wa pili. Leo hii nendeni kituoni mwombe kaka aonwe na daktari, na mweleze kama ni mnywaji wa kila siku. Andikeni, kabla watu hawajatawanyika kwenda mashambani au kurudi mjini, majina ya wote waliokaa naye, saa aliyofika, saa aliyoondoka, alikuwa anatembeaje na alisema nini. Msimfundishe mtu maneno. Mtu akisema hakuwa amelewa sana, mwandikeni hivyo hivyo. Katika kesi ya mauaji mahakama humpangia wakili mshtakiwa asiye na uwezo wa kumlipa, na orodha hiyo ndiyo mtakayomkabidhi siku ya kwanza mkikutana naye.

Kesho kuanzia saa 2 asubuhi nitakuwa Moshi mjini. Nitumie ujumbe humu ndani nikuelekeze mahali. Njoo na mama, na mje na jina la mtu aliyemuuzia kaka yako kata ya mwisho.